Kopo la Miswaki

Siku Anselmo Prates alipokutana na Jussara, mende ishirini na ushei walimpanda kifuani. Naanza na hilo makusudi, ili mwenye tumbo dhaifu aache kusoma mapema.

Mimi naitwa Zoraide. Nauza kahawa na pasteli, vile vimkate vya kukaanga vyenye nyama ndani, kwenye ghorofa ya pili ya jengo la maduka, mtaa wa Santa Ifigênia, hapa São Paulo. Hatua sita kutoka kwenye mafuta yangu ya kukaangia ndipo kilipo kibanda cha Jussara, fundi wa mashine za gemu za zamani, zile za kuchomeka kanda juu. Wenzetu duniani walishazitupa, sisi Wabrazili tumezing'ang'ania. Analetewa mashine zilizokaa miaka ishirini stoo, na kila moja inakuja na wapangaji wake. Mende wanapenda joto la transfoma. Wanazaliana humo, wanakunya humo, wanafia humo humo. Nimemwomba mara mia akazifungulie uani, naye hunijibu, "Dona Zoraide, hayo mafuta yako ni ya zamani kuliko hawa mende." Hana adabu hata kidogo. Nampenda kama mwanangu, lakini hana adabu.

Basi ilikuwa Jumamosi ya Oktoba, saa tano asubuhi, watu wamefurika hadi kwenye ngazi, wauza chaja wanabweka, spika kumi zinapiga nyimbo kumi tofauti. Anselmo alikuja akijipenyeza huku amebana viwiko asiguswe na mtu. Shati jeupe limepigwa pasi hadi linakata, suruali ya rangi ya krimu, na kwenye mfuko wa shati kikasha cha plastiki chenye mswaki wake. Ni fundi wa meno ya bandia. Watu wa kazi hiyo, kwa kuwa wanashinda na vinywa vya wenzao, ama huacha kuona kinyaa kabisa ama hukiona kila mahali. Yeye hata kitasa cha mlango hakishiki kwa mkono mtupu.

Mikononi alikumbatia mashine ya gemu ya Mega Drive aliyoinunua mtandaoni, bado iko ndani ya boksi lake.

"Haiwaki," alisema. "Lakini ni safi kabisa. Mwenyewe ameniapia haijawahi kutumika."

Jussara aliinua mashine, akaisogeza sikioni, akaitikisa taratibu. Alikuwa na ovaroli ya kijani iliyofifia, kucha nyeusi, na hereni alizojitengenezea kwa vipande vya shaba vya mashine mbovu.

"Haijatumika na watu," alisema. "Rudi nyuma kidogo, kaka."

Kaka hakurudi. Aliinama achungulie. Jussara alifungua skrubu ya mwisho, akainua kifuniko, na wapangaji wote wakatoka kwa mkupuo kuelekea kwenye kitu cheupe kilichokuwa karibu zaidi.

"Nitoe! Nitoe! Mama yangu, nitoe!"

"Simama wima! Usiwapige, wakipasuka hilo shati ndiyo basi tena!"

Akawaokota mmoja mmoja kwa vidole, kama anayechuma maharage, akiwatia kwenye mkebe. Wa mwisho alikuwa kwenye ukosi, ndevu zake zinampapasa Anselmo shingoni. Jussara alimtoa polepole kuliko ilivyohitajika. Mimi nilikuwa nimeshafunika chakula changu na kukunja pua, lakini macho ninayo.

"Wewe huoni kinyaa?" Anselmo aliuliza.

"Naona sana. Nawaonea kinyaa wanaopuliza kanda ikigoma kuwaka." Akamwonyesha kibao ukutani: USIPULIZE KANDA, MATE YAKO NI KUTU. "Wewe unapuliza?"

"Mungu apishe mbali! Kanda zangu sizigusi bila glavu."

Jussara alimtazama upya, kuanzia viatu. "Njoo Jumatatu," alisema.

Akaja Jumatatu, na Jumanne, na siku ambazo hakuwa na mashine ya kutengeneza. Alikuwa anafuta stuli yangu kwa jeli yake ya kuua vijidudu ndipo aikalie, na mimi nikawa natukana kimoyomoyo. Siku moja aliona kopo la maziwa lililojaa miswaki juu ya meza ya Jussara.

"Hii yote ni yako?"

"Ni ya kazi. Ya kusugulia mavi ya mende kwenye saketi."

Anselmo alinywea, akashika kikasha chake mfukoni kama anayelinda mtoto. Lakini hakuondoka. Busu la kwanza alilitoa kwenye ngazi za jengo, baada ya kumpa mwenzake peremende ya mnanaa na kusubiri imalizike. Jussara alinisimulia huku akicheka hadi akakaa sakafuni.

Na simu zao! Nilizisikia zote, maana Jussara huweka simu kwenye spika mikono ikiwa na kazi.

"Malkia wa mende, umekula?"

"Nimekula pasteli ya Dona Zoraide."

"Ulinawa mikono?"

"Niliifuta kwenye ovaroli."

"Jussara!"

"Nimenawa, mpenzi, nimenawa. Nilitaka tu kukusikia ukiteseka."

Sasa, wapo watu, na Jussara ni mmoja wao, ambao hawatosheki kufufua mashine. Wanatunga gemu mpya kabisa kwa ajili ya hizo mashine zilizokufa, nyumbani, bila kampuni wala bosi. Ya Jussara ilimchukua miezi minne. Shujaa wake ni mende, mnisamehe. Anaanzia kwenye bomba la maji machafu, anapanda jikoni, anakwepa sabuni, dawa ya kupuliza na kandambili zinazoanguka kutoka juu, hadi anafika bafuni kwa bwana mmoja msafi kupindukia. Mimi nilijaribu mara moja. Nilipoona yule mdudu anavyochezesha ndevu nikarudisha padi ya kuchezea, nikaenda kunawa.

Alitoa nakala hamsini, kila moja na kanda yake mpya, boksi lake la rangi, na nailoni iliyobanwa kwa joto. Arobaini na tisa zilifanana. Namba moja alimtengenezea Anselmo, na ndani yake, baada ya hatua ya mwisho, aliweka picha ambayo nakala nyingine hazina.

Kwetu hapa, watu wawili wakianza kuishi pamoja tunasema wameunganisha miswaki. Picha ile ilikuwa ya sinki, na juu yake bilauri yenye mswaki mmoja tu. Mende anasimama pembeni, na maandishi yanajitokeza: "Nilete mswaki wangu?" Chini yake, NDIYO na HAPANA.

"Unamposa kwa mende?" nilimuuliza aliponionyesha.

"Kwa mdomo siwezi, Dona Zoraide. Nimejaribu. Maneno yananikwama hapa." Akashika koo. Nilijua hatanii. Ana miaka thelathini na mitatu, na hajawahi kumwomba mtu yeyote kitu chochote, hata chumvi.

Alimkabidhi kanda hiyo mwezi wa tatu, siku ya kuzaliwa ya Anselmo, mbele ya kaunta yangu.

"Icheze mpaka mwisho. Niahidi."

"Naahidi," alisema Anselmo, macho yanamlengalenga.

Mnajua alichofanya? Alifika kwake Vila Mariana, akavaa glavu, akaitia ile kanda, na nailoni yake, ndani ya kasha la plastiki nene linaloonyesha ndani, akakaza skrubu nne, akaiweka katikati ya kabati chini ya taa ndogo. Basi! Ndivyo walivyo wakusanyaji. Kwao gemu iliyofunguliwa imeuawa; isiyofunguliwa ni kama mwili wa mtakatifu kanisani, inatazamwa na haiguswi. Wana kanda mia tatu ambazo hawajui hata muziki wake. Mtu amepikiwa chakula, yeye anakitia fremu. Kuna uchafu wa mende, na kuna usafi wa aina hii, na mimi sijui kipi kinanichefua zaidi. Kwa haki, kila jioni aliitazama akatabasamu. Aliamini hakuna mwanamke aliyewahi kuheshimiwa hivyo.

Siku nne zikapita. Ya tano Jussara akapiga simu. Mara hiyo hakuweka spika. Aliibana sikioni, amenipa mgongo. Ya upande wa pili nilikuja kuyasikia baadaye kwa Anselmo mwenyewe.

"Umeicheza?"

Anselmo alikuwa amesimama mbele ya kabati, anaitazama. Akaona akisema hapana atamuumiza. Akachagua uongo, ule mdogo, wa adabu.

"Nimeicheza, mpenzi. Nzuri ajabu!"

"Umefika mwisho?"

"Nimefika."

"Na... ule mwisho umeuonaje?"

Alijua gemu za Jussara hazikosi vichekesho. Akakisia.

"Nilicheka hadi machozi! Huo ndio utani wako bora kabisa."

"Utani."

"Sasa je? Nani mwingine angewaza kitu kama kile!"

"Sawa, Anselmo," alisema Jussara, akakata. Halafu akachukua mswaki kwenye kopo, akauangalia, akaurudisha, akashika kitambaa badala yake.

Hakupokea simu zake tena. Anselmo alipokuja, alimwambia, "Subiri zamu yako, kaka," na kibandani hakukuwa na mteja mwingine. Akaja kwangu, uso umemshuka.

"Dona Zoraide, nimemkosea nini?"

Nami nilikuwa naamini, kama Jussara, kwamba ameliona swali na kulicheka. Nikampa kahawa ya asubuhi, na ilikuwa saa kumi jioni. "Kajiulize ulichokuwa unacheka," nilimwambia. Alibaki ametumbua macho. Niliona ni unafiki, nikazidi kumchukia.

Dada yake Jussara ana duka la ufundi Recife, na alikuwa anamwita muda mrefu. Mwezi wa nne Jussara akakata shauri. "Naenda," aliniambia. "Ningekuwa fundi wa saa au wa viatu ningebaki. Lakini mimi nashika mswaki kutwa, Dona Zoraide. Kila nikiushika aibu inanipanda upya." Akauarifu uongozi wa jengo kwamba ufunguo wa kibanda ataurudisha Jumanne.

Jumamosi kabla ya hapo kulikuwa na kikao cha mwezi cha hawa watu wa gemu za zamani, kwenye ukumbi wa ghorofa ya tatu. Nilipanda kupeleka pasteli. Harufu ya ukumbi ule sitaisahau: soksi, bisi za siagi, na vumbi la televisheni za kichogo zikipata moto. Padi zinapita mkono kwa mkono zikiwa zimeshika mafuta hadi zinateleza. Ukutani wakusanyaji wamepanga makasha yao, kila mmoja anamvika mwenzake kilemba cha ukoka. Na Anselmo alikuwepo, na shati lake jeupe, amesimama nyuma ya kasha moja tu. Mbele yake kadi yenye mwandiko mzuri: "Namba 1. Haijafunguliwa. Haitafunguliwa kamwe."

Alidhani akifika Jussara na kusoma ile kadi, moyo utamlainika. Maskini ya Mungu!

Jussara alikuja kuchukua televisheni yake aliyowaazimisha, ameshaibeba kifuani. Akapita mbele ya meza, akasimama, akaiweka chini. Aliinama akachungulia nailoni. Pembe moja ya chini aliibana yeye mwenyewe ikaenda upande, na ilikuwa bado upande.

"Hii ni ipi?"

"Ni yako, mpenzi. Nimeitunza."

"Uliniambia umefika mwisho."

Anselmo akaifunika ile kadi kwa kiganja.

"Ulicheka hadi machozi. Ulichekea nini, Anselmo? Nailoni?"

"Sikutaka uumie. Nilidhani..."

"Miezi minne naandika, wewe ukaitia kwenye jeneza. Halafu ukanidanganya." Hakupaza sauti, na ukumbi mzima ulisikia. "Watu wanadhani mimi sijui kinyaa. Ninakijua. Mende hajawahi kunitia kinyaa hiki. Mende angalau akikuta kitu, anakionja."

Akainua televisheni yake, akaelekea ngazini. Mimi nilikuwa nimekaa na trei mkononi, damu inanichemka, maana ndiyo kwanza nimeelewa: jamaa hakulicheka swali, hakuliona kabisa! Sikujua nimpige au nimhurumie.

Anselmo aliomba bisibisi. Skrubu ya kwanza, ya pili. Mkusanyaji mmoja mwenye masharubu akamdaka mkono. "Umerogwa? Ukifungua umeiua!" Anselmo akajinasua. Akatoa boksi, na kwa kuwa nailoni ilibana asipate pa kuishika, akaing'ata. Kwa meno. Mtu asiyekunywa maji kwenye glasi ya wengine! Nailoni ikapasuka, na yule wa masharubu akatoa mguno wa msibani.

Akachomeka kanda, akawasha. Kioo cheusi.

"Puliza!" wakapiga kelele. "Itoe, puliza! Puliza!"

Jussara alikuwa ngazi ya tatu. Alisimama bila kugeuka.

"Hairuhusiwi kupuliza," alisema Anselmo. "Nipeni pamba na spiriti. Tundu la mashine ndilo chafu."

Watu wakacheka. Jussara akageuka, akapanda zile ngazi tatu, akaiweka televisheni yake sakafuni akaikalia.

Gemu ikawaka. Ilikuwa saa nane mchana. Mwacheni Anselmo na kazi yake ya meno ya bandia, kucheza hajui. Kandambili ya kwanza ilimponda, ya pili ikamponda, alikufa bombani mara kumi na tatu. Alikuwa ameshika padi ya ukumbi bila glavu, inanata, ina bisi iliyokwama kwenye kitufe, na kijasho chembamba kinamteremka hadi kwenye ukosi. Saa kumi kijana mmoja akamhurumia.

"Lete nikuvushe hapo."

"Hapana. Nilishadai nimefika mwenyewe. Lazima nifike."

Saa kumi na moja na robo mende akaingia bafuni. Muziki ukanyamaza. Sinki, bilauri, mswaki mmoja. Maandishi yakajitokeza, na ukumbi wote ukayasoma.

Anselmo alisoma akarudia. Nilimwona akikumbuka ile simu, neno kwa neno.

"Hiki ndicho nilichosema nimekicheka?"

"Hicho," alisema Jussara.

Akabonyeza NDIYO. Mende akaburuta kijiswaki kutoka nyuma ya sinki, akaparamia bilauri, akakitumbukiza. Ukumbi ukalipuka makofi; hata yule wa masharubu alipiga. Jussara alisimama, akajipangusa ovaroli.

"Hilo lilikuwa swali la mwezi wa tatu," alisema. "Na kubonyeza ni rahisi, Anselmo."

Akaondoka. Nilitaka kumkimbilia, nikaona niache.

Jumatatu asubuhi alikuwa anafunga vitu kwenye maboksi. Amebakiza mashine moja ya mteja, imefunguliwa mezani, saketi yake imeganda uchafu wa kahawia, mabawa na mayai, sitaki hata kukumbuka. Anselmo akaja. Hakuwa na glavu wala ile jeli. Hakusalimia. Alitoa mfukoni kile kikasha chake, akachomoa mswaki wa buluu, wake mwenyewe wa kila siku, akautia kwenye kopo la maziwa, katikati ya miswaki ile iliyosugua kila uchafu wa jiji hili. Akaketi kwenye stuli bila kuifuta.

"Huo si wa kwenye gemu," alisema. "Huo ni wangu."

Jussara aliendelea kulegeza skrubu. Kisha, bila kugeuza kichwa, akanyoosha mkono kwenye kopo. Mle mna miswaki kumi na kitu. Alichomoa wa buluu. Akauchovya kwenye spiriti, akaanza kusugua saketi, taratibu, hadi kwenye pembe. Maji ya kahawia yakatiririka kwenye vidole vyake na kudondoka mezani.

Niliandaa ndoo, nikijua Anselmo atatapika kwenye miguu yangu. Hakutapika, wala hakuangalia pembeni.

"Unafaa?" aliuliza.

"Nyuzi zake ngumu. Unafaa sana."

"Basi kesho nitakuletea mwingine."

Mkono wa Jussara ukatulia.

"Usiulete hapa," alisema, na sauti ikamkwama pale pale aliponionyesha siku ile. "Ulete kwangu. Bilauri iko juu ya sinki."

"Na Recife?"

"Nitampigia dada."

Anselmo akainuka, akaushika ule mkono, na maji yake ya kahawia yakiwa bado yanadondoka, akaubusu. Hakusubiri unawe. Nami nikafunika pasteli zangu, nikageukia ukutani, na hadi leo sijui kama nilitaka kutapika au kulia.